Jamila Alipokuja Kushonesha

Watu walionisimulia Desertion ya Abdulrazak Gurnah kabla sijaisoma walinitajia Mzungu aliyeanguka mbele ya msikiti, wakanitajia Rehana, wakanitajia Amin na Jamila wake. Hakuna hata mmoja aliyenitajia Farida. Mimi ni fundi wa nguo za kike hapa Mji wa Kale, Mombasa. Cherehani yangu iko chumba cha mbele, dirisha linatazama njia. Nilipofika kwa Farida niliacha kazi. Deraa la mtu lilibaki na mkono mmoja mpaka baada ya Isha.

Kitabu kilitoka mwaka 2005, na mwandishi wake, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1948, akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Nakala niliyosoma ni ya kuazima, ya Kiingereza, jalada limelegea kwa kushikwa na mikono mingi. Msomaji mmoja aliyenitangulia amepiga mstari wa penseli chini ya jina la kila mwanamke anapotajwa mara ya kwanza. Mistari ile ilinifaa sana, maana riwaya hii inakwenda katika nyakati mbili, moja mwaka 1899 na nyingine miaka ya 1950 na 1960, na mtu anaweza kupotea kati ya nyanya na mjukuu. Nitaisimulia mpaka mwisho. Anayetaka kuisoma mwenyewe, na aisome kwanza ndipo arudi hapa.

Inaanza alfajiri, katika mji mdogo wa pwani ya Kenya ya leo. Hassanali mwenye duka anatoka kwenda kufungua msikiti na kuadhini. Katika kiza anaona kitu kinamjia, anadhani si binadamu. Kumbe ni Martin Pearce, Mwingereza, amechoka hata hana nguvu za kusimama. Alikuwa katika msafara wa wawindaji, mauaji ya wanyama yakamchosha roho, akajitenga nao. Waliokuwa wakimwongoza njia wakamwibia na kumtupa. Hassanali anamchukua kwake, kwa mkewe Malika na dada yake Rehana. Muda si muda anafika ofisa wa serikali ya Kiingereza, Frederick Turner, anamchukua mgonjwa kwa ukali na kumshuku Hassanali kwamba ndiye aliyemwibia. Pearce alipopata nafuu na kusikia mwenyeji wake alivyotendewa, akarudi kwenye ile nyumba kuomba radhi na kutoa shukurani.

Hapo nilisimama kidogo. Mapenzi ya Pearce na Rehana, yaliyokuja kuzungumzwa kwa kunong'ona kwa miaka zaidi ya hamsini yameanzia kwenye adabu. Mgeni aliyeuguzwa amerudi kusema ahsante, na mwenye nyumba wa pwani hawezi kumwambia mtu kama huyo abaki nje. Pearce anazungumza Kiarabu, ana haya, anajua kukaa na watu. Hakuna aliyeruka ukuta wala kuvunja mlango. Aliingia kwa kukaribishwa, na ndani ya nyumba ile alikuwamo Rehana.

Rehana ndiye niliyemfikiria kuliko wote. Baba yake alikuwa Mhindi aliyeoa mwanamke wa Mombasa, na kwa hilo yeye na kaka yake wameitwa machotara tangu utotoni, na Wahindi na Waswahili pia. Ameolewa na Azad, mfanyabiashara aliyekuja na pepo za msimu kutoka India, mtu mchangamfu aliyefanya urafiki na Hassanali. Msimu ukageuka, Azad akapanda jahazi kwenda kwao, akaahidi kurudi. Hakurudi. Sasa mtu anayezijua nyumba zetu ataelewa uzito wa jambo hili. Aliyefiwa na mume ana eda yake ya miezi minne na siku kumi, watu humjia kumhani, na siku ya mwisho anaoga, anavaa, maisha yanaendelea. Aliyepewa talaka ana eda yake pia, kisha yuko huru kuposwa. Rehana hakuwa na siku ya kuanza kuhesabu. Hakufiwa wala hakutalikiwa, na kila kusi ikivuma na kila kaskazi ikirudi, yeye yuko pale pale nyumbani kwa kaka yake, ameketi kama mke wa mtu asiyekuwapo. Nimewashonea wanawake wa namna hiyo. Waume zao walikwenda Saudia au Ulaya kutafuta, simu zikapungua, kisha zikakatika. Wakija kupimwa hawajui washone nguo ya rangi gani, kwa sababu wakivaa ya kung'aa watasemwa, na wakivaa ya kufifia watakuwa wamekubali kwamba mume hayupo tena. Gurnah hakuandika habari ya nguo zao, lakini ile hali ameiandika sawasawa, na aliponionyesha Rehana akimtazama Mzungu yule sikuwa na neno la kumlaumu.

Naamini mwaka 1899 haukuchaguliwa ovyo. Julai 1895 serikali ya Uingereza ilichukua nchi hii kutoka mikononi mwa Imperial British East Africa Company. Ukanda wa pwani wa maili kumi ukabaki kwa jina ni wa Sultani wa Zanzibar, lakini amri ni ya Mwingereza. Tarehe 27 Agosti 1896 mizinga ya manowari zao ilibomoa kasri la Unguja kwa muda usiofika hata saa moja, na baada ya hapo kila mtu wa pwani alijua nani anaweka masultani. Mwaka huo huo reli ilianza kutandikwa hapa Mombasa. Mwaka 1899 ilifika Nairobi, na mwaka 1901 ikafika ziwani. Unguja na Pemba utumwa uliondolewa nguvu ya sheria mwaka 1897, huku pwani ya Kenya watu walingoja mpaka 1907. Ndani ya riwaya mambo haya yamo katika mazungumzo ya usiku, Turner na Burton, msimamizi wa shamba, wakinywa na kujadili hawa wenyeji watafanywa nini. Burton anasema maneno ya kutisha kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba watu wa hapa watatoweka na nchi itabaki ya Wazungu. Pearce yumo mle, anasikiliza, anaona vibaya. Kesho yake anarudi kwenye barua na matembezi yake.

Kuna jambo la kweli la historia ambalo limenisaidia kuuelewa mkasa wao. Mwaka 1909, yaani miaka kumi baada ya wakati wa riwaya, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Lord Crewe, alisambaza waraka kwa maofisa wake kuwaonya wasiweke wanawake wenyeji kinyumba. Ulitolewa baada ya kashfa ya ofisa mmoja hapa Kenya, Hubert Silberrad. Ulichokuwa ukikilinda waraka ule ni heshima ya ofisa mbele ya watu anaowatawala. Pearce hakuwa ofisa, alikuwa msafiri na msomi, na waraka ulikuwa bado haujaandikwa. Lakini fikra yenyewe ilikwishakuwa hewani. Unaiona katika uso wa Turner. Unaiona zaidi katika namna Pearce alivyoweza kuishi na Rehana hapa Mombasa katika nyumba ya kupanga, kisha siku moja akapanda meli, na asiwepo mtu upande wake wa kumwambia kwamba ana deni. Rehana akabaki na mtoto wa kike, Asmah.

Kabla ya hayo yote kuelezwa, kitabu kinafanya jambo lililonifanya nikiamini. Sura za mwanzo zimepewa majina ya watu: Hassanali, Frederick, Rehana, Pearce. Msomaji anasubiri zile saa za siri, anataka kujua nani alimtumia mwenziwe ujumbe, walikutania wapi, nani alisema neno la kwanza. Ghafla anakuja msimulizi mwenyewe na kukatiza hadithi. Anaitwa Rashid, ni mtu wa Unguja anayeishi Uingereza, na anasema wazi kwamba hajui. Hajui wawili wale walifikaje pale. Ameeleza aliyoweza kuyawaza, na hapa mawazo yake yamegota.

Riwaya za nyakati mbili nimezisoma nyingi, wateja huniachia. Karibu zote zina sanduku. Mjukuu anarithi nyumba, anapanda darini, anafungua sanduku la bibi yake, anakuta barua zimefungwa kwa utepe, na kila siri inajieleza yenyewe kwa mwandiko mzuri. Nazipenda, siwezi kukana. Nazisoma usiku wakati umeme umetulia na watoto wamelala. Lakini Rehana hana sanduku. Mwanamke wa nyuma ya duka, wa mji mdogo, mwaka 1899, aliyependa pasipotakiwa, ameacha nini kilichoandikwa? Ameacha binti, na ameacha maneno midomoni mwa watu waliokuwa na hasira naye. Rashid angeweza kumtungia barua. Aliona haya kufanya hivyo, na haya ile kwangu ni heshima kubwa kuliko barua yoyote ya kubuni.

Nasema hivi kwa sababu pwani hii yupo mwanamke mwingine aliyempenda Mzungu na ambaye mkasa wake tunaujua karibu wote, naye ni Sayyida Salme, binti wa Sultani Said. Tofauti ni kwamba yeye alishika kalamu. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Qur'ani, kuandika hapana; yeye akajifundisha kwa siri, akinakili aya kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwandiko ule ukamtia katika fitina kubwa kabla hajakomaa. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alipokula njama za kumpindua Sultani Majid, ndugu yao, Salme ndiye aliyeandika barua za wale waasi. Njama zikashindwa, Barghash akahamishwa nchi, na Salme akabaki na aibu mbele ya ndugu zake. Kisha akapendana na jirani yake wa Mji Mkongwe, mfanyabiashara wa Hamburg aitwaye Rudolph Heinrich Ruete. Akashika mimba. Agosti 1866 akatoroshwa usiku kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, mpaka Aden. Huko akabatizwa na kuolewa Mei 1867, wakaenda Ujerumani, na mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1886. Alifariki mwaka 1924 huko Jena.

Nimewaweka Salme na Rehana pamoja kichwani muda mrefu. Mmoja ni wa kweli, mwingine ni wa kubuni, na ajabu ni kwamba wa kubuni ndiye anayefanana na wanawake wengi zaidi. Binti wa sultani aliondoka na manowari ya watu wengine, akaandika kitabu, Wajerumani wakamrudisha Unguja mwaka 1885 kwa manufaa yao wenyewe, Barghash akakataa kumwona. Kila hatua imeandikwa mahali fulani. Mwenziwe wa mji mdogo angepita kimya kama Gurnah asingemtafutia nafasi, na hata alipompatia nafasi hiyo akakiri kwamba haijai.

Mtaani kwetu nilipokuwa mdogo kulikuwa na nyumba ya ghorofa moja, mlango wake wa kuchonga, baraza lake safi, na sisi watoto tulikatazwa kuketi pale. Wenyewe walikuwa watu wazuri, wanasalimia, Ramadhani wanatoa futari kama wengine. Nikimuuliza nyanya kwa nini, alikuwa akinituma dukani. Kila nilipouliza kulikuwa na kitu cha kununuliwa. Baadaye wale watu wakauza nyumba wakahama, na nyanya akafariki, na hakuna aliye hai anayeweza kunijibu. Niliposoma wazazi wa Amin walivyonyamaza kwanza waliposikia jina la Jamila, kimya kile nilikijua kilivyo.

Sasa tuje Unguja, miaka ya 1950, maana hapa ndipo nilipotaka kufika. Baba na mama ni walimu, watu wa kisasa wa wakati wao. Walipendana, wakaoana wakipingana na baadhi ya wakubwa zao. Wana watoto watatu: Farida, Amin na Rashid. Wavulana wanasoma. Farida anafanya mtihani wa kuingia sekondari, anaanguka, na nafasi za wasichana zilikuwa chache mno, hakuna mlango wa pili. Wazazi wanampeleka Mombasa kwa jamaa, labda huku itapatikana shule. Haipatikani. Anarudi Unguja na kushona nguo nyumbani. Kitabu kinapita hapo kwa haraka, na wasomaji wengi nao wanapita. Mimi nilipita polepole, kwa kuwa njia yangu ya kufika kwenye cherehani haikuwa mbali na yake, na kwa kuwa najua kinachotokea baada ya hapo ambacho walimu wale wawili hawakukitarajia. Binti aliyefeli mtihani akawa na pesa yake. Na kwa ajili ya kazi yake, nyumba iliyokuwa na heshima na utulivu sasa inaingia wanawake wa kila namna kutoka kila mtaa.

Mmoja wao ni Jamila. Alikuja kushonesha, na Amin akamwona. Hivyo tu. Amin ni kijana anayesomea ualimu, mpole, kipenzi cha mama. Jamila amemzidi umri, amekwishaolewa na kuachika, anakaa peke yake sehemu ya chini ya nyumba ya kwao yenye mlango wake mwenyewe, na watu wanasema. Farida ndiye anayewasaidia. Anajua, anaficha, anapitisha habari.

Nataka kusema neno kuhusu kazi hii, kwa sababu katika riwaya nyingi za fitina mpelelezi ni mwanamume mwenye koti, na ukweli ni kwamba katika miji yetu fundi wa nguo anajua zaidi yake. Mwanamke akisimama mbele yako na umezungusha tepu kiunoni mwake, huna haja ya kuuliza. Unajua amekonda tangu Idi iliyopita. Unajua kwamba anataka gauni la kushtua na arusi anayokwenda si ya ndugu yake. Unajua nani amelipa, maana anayelipa mwenyewe huomba kupunguziwa na anayelipiwa haulizi bei. Unajua mimba kabla ya mama mtu. Na jambo la kwanza unalojifunza, kabla hujajua kukata shingo ikakaa, ni kutomtaja mteja mmoja mbele ya mwingine. Farida alikuwa na elimu hiyo. Wazazi wake walidhani nyumbani mwao wenye akili ni wale wanaobeba vitabu, na chumba cha pili binti yao alikuwa akiendesha mambo ambayo serikali nzima ya Sultani isingeyajua.

Ningependa Gurnah angetupa ukurasa mmoja zaidi wa Farida akimpima Jamila. Nampenda mwandishi huyu na sisemi kwa kumtoa kasoro. Nasema kwa sababu ukurasa ule nauona. Farida anajua ndugu yake anampenda huyu. Anajua mama yake atasemaje. Mikono yake iko mabegani mwa Jamila, pini mdomoni. Mtu mwenye pini mdomoni hawezi kusema, na wateja hupenda kusema na mtu asiyeweza kujibu. Jamila alimwambia nini siku ile? Rashid hakuwepo chumbani, wanaume hawaingii kwenye kupimwa, kwa hivyo kitabu nacho hakikuingia.

Siri ikatoka. Wazazi wale waliooana kwa mapenzi wakageuka mawe. Umri wa Jamila, talaka yake, kukaa kwake peke yake, hayo yote walikuwa nayo, lakini kilichowakaza ni kwamba nyanya yake aliishi na Mzungu. Rehana alikosea mwaka 1899, na deni analetewa mjukuu zaidi ya miaka hamsini baadaye. Amin anaambiwa aahidi hatamwona tena. Anaahidi. Na anaitimiza.

Nilikasirika sana. Kitabu kimejaa Waingereza wenye bunduki na sheria, na mapenzi ya kwanza yaliharibiwa na mmoja wao kwa kuondoka. Lakini mapenzi ya pili hayakuguswa na Mwingereza yeyote. Yaliuliwa sebuleni, na mama mwenye elimu, mwenye mapenzi ya kweli kwa mwanawe, kwa maneno ya watu ambao wengi wao walikuwa wamekwishakufa.

Kati ya nyanya na mjukuu yuko Asmah, binti wa Rehana, mama wa Jamila. Ametajwa, ameolewa, amehamia Unguja, basi. Nilirudi nyuma kumtafuta kwa kufuata ile mistari ya penseli na sikumpata zaidi ya hapo. Hilo limenikaa moyoni kuliko kuondoka kwa Pearce. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi, akiwa mgonjwa, akampa usia wa kila kitu kuanzia dini mpaka namna ya kumlaza mume. Mtu anaweza kukubaliana na usia ule au asikubaliane nao, lakini binti alijua mama yake alikuwa nani na alimtakia nini. Rehana alimwambia nini Asmah kuhusu baba yake? Alimficha? Alimsifia? Asmah alipojaaliwa Jamila, alimfundisha kuinua kichwa au kukiinamisha? Kwa namna Jamila anavyotembea katika kitabu, peke yake, mrembo, bila kuomba ruhusa, nadhani kuna mwanamke aliyemfundisha kuinua. Napenda kuamini ni Asmah.

Rashid alikwenda kusoma London muda mfupi kabla ya uhuru wa Desemba 1963. Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yakatokea Unguja, na baba akamwandikia asirudi. Sura zile za Uingereza ni za upweke mtupu, baridi, vyumba vya kukodi, kutazamwa vibaya, barua za nyumbani zilizoandikwa kwa tahadhari kwa sababu zilikuwa zikifunguliwa. Amin anabaki na wazazi. Macho ya mama yanazimika, baadaye na ya Amin yanaanza kufifia, na katika daftari zake anaendelea kumwandika Jamila. Farida anakuja kuwa mshairi, mashairi yake yanachapishwa. Nilifurahi kwa hilo mpaka nikamsomea mteja aliyekuwa akingoja pindo. Katika watoto watatu wa walimu, yule aliyefeli mtihani ndiye niliyemwonea wivu.

Mwishoni Rashid anakutana huko Uingereza na mwanamke Mwingereza, Barbara, ambaye ukoo wake unafika kwa Pearce na kwa Turner, na ncha mbili za hadithi zinakutana. Wapo wanaosema kukutana kule ni kwa kupangwa mno. Mimi ninaona ni haki. Watu wa Pearce walibaki na kumbukumbu za upande wao, watu wa Rehana walibaki na minong'ono, na mtu wa kuziweka pamoja hakuweza kutoka Unguja wala London peke yake. Kilichonisumbua ni kwamba aliyefika kwenye mkutano ule kwa upande wetu ni Rashid, ambaye Jamila hakuwa wake. Amin alikuwa nyumbani gizani, na Jamila mwenyewe hakuulizwa.

Nimeisimulia riwaya yote kwa shangazi yangu, dada mdogo wa marehemu baba, anayekaa nasi na kunisaidia kutia vifungo. Alisikiliza bila kunikatiza mpaka nilipofika kwenye ile ahadi ya Amin, akaweka sindano chini.

"Amefanya vyema," akasema. "Radhi ya mama si kitu cha kuchezea, mwanangu. Wanawake wako wengi."

Nikamwambia, "Shangazi, na Jamila je? Yeye hana mama?"

"Anaye. Mama yake naye angemkataza mwanawe wa kiume kuoa mtu wa ukoo ule, kama ungekuwa si wake."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Alitetea kwamba mama aliogopa mwanawe asije akawa kicheko cha mji, na kwamba mimi nasema kwa ujasiri kwa sababu sina mtoto wa kiume aliyefika umri wa kuoa. Nikamjibu kwamba ninaye wa kike, na siku moja atasimama kwenye sebule ya mtu akihesabiwa makosa ya watu waliokufa. Hapo alinyamaza, lakini hakukubali. Kesho yake akaniambia kwamba huenda nimemsimulia vibaya, nimempendelea Jamila, na anataka kusikia mwenyewe kilichoandikwa. Kiingereza hakijui, kwa hivyo jioni namsomea nikimgeuzia kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, na yeye anatia vifungo. Rehana amempenda. Hassanali anamwita mtu mwema asiye na bahati. Sasa tumefika sura ya Frederick Turner, ndiyo kwanza ameshuka kwenye farasi kuja kumchukua mgonjwa, na shangazi ameniuliza mara moja kama huyu hatapigwa na mtu.